Uzi: Kijiji kinaandika historia yake. Ni historia ya nini hasa, na tarehe zitoke wapi?

Mbuyu_Mnene (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Kuna kamati ya kijiji kimoja wilayani Chamwino, Dodoma, imekabidhiwa kazi ya kuandaa historia ya kijiji, kurasa kama ishirini. Nakala moja ikae kwa mtendaji, nyingine shule ya msingi. Wamekwama kwenye sentensi ya kwanza: "Kijiji chetu kilianza mwaka..." Cheti cha usajili kinasema miaka ya sabini. Wazee wa ukoo mkubwa pale wanasema walikuwepo kabla ya Mjerumani. Mwenyekiti anashikilia cheti kwa kuwa ndicho chenye muhuri. Wenye ujuzi wa masimulizi na nyaraka za kanda ya kati, nani yuko sahihi, na kazi ianzie wapi?

Makabrasha

Wote wako sahihi, ila kila mmoja anajibu swali lake. Ndani ya "kijiji" mna vitu vitatu, na kila kimoja kina mwanzo wake.

Kuna kijiji cha kisheria. Hicho kilizaliwa na Sheria ya Vijiji na Vijiji vya Ujamaa ya 1975, kisha kikaingia kwenye Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya 1982. Cheti kinathibitisha hicho basi. Hakisemi nani alifyeka pori pale mara ya kwanza.

Kuna makazi, yaani nyumba zilipo leo. Kwa Dodoma hapa ndipo wengi wanapoteleza, kwa sababu sisi tulisogezwa mapema. Operesheni Dodoma ilikuwa 1970 na 1971, kabla ya Operesheni Vijiji ya nchi nzima iliyoanza 1973. Watu waliokuwa wametawanyika, kila mji na tembe lake (nyumba ya udongo yenye paa bapa) na zizi lake, walikusanywa mahali pamoja. Mara nyingi jina la eneo moja likafunika watu wa maeneo manne au matano. Matokeo yake unakuta jina la zamani limekaa juu ya makazi mapya, na mahame ya zamani, yaani makazi yaliyohamwa, hayana tena anayeyataja.

Halafu kuna watu wenyewe, koo. Hizo zilikuwa zinahama muda wote. Simulizi za koo nyingi za Kigogo zenyewe zinasema chimbuko ni Uhehe, Unyamwezi, Ukaguru na kwingineko. Ukoo unaweza kuwa wa zamani kuliko makazi, na makazi ya zamani kuliko cheti.

Kamati iandike tarehe tatu, kila moja na ushahidi wake, badala ya kupigania moja.

Mwalimu_wa_Zamu

Naongezea upande wa neno lenyewe, maana nusu ya ugomvi wa kamati kama hizi unatoka hapo. Tunasema "historia" kwa mambo yaliyotokea, na tunasema "historia" hiyo hiyo kwa maelezo aliyoyatunga mtu kuhusu mambo hayo. Mmoja akisema historia haibadiliki na mwenzake akasema historia lazima iandikwe upya, hawapingani. Wa kwanza anasema tukio, wa pili anasema maandishi.

Kwa Kigiriki, lilikotoka, lilikuwa na maana ya kuuliza na kuchunguza. Herodotus, karne ya 5 K.K., aliyaita maandishi yake hivyo kwa maana ya matokeo ya uchunguzi wake. Huku kwetu pwani waandishi wa zamani walitumia "habari": ndiyo maana tuna Habari za Wakilindi. Na "tarehe", ambayo leo ni siku ya mwezi tu, inatoka kwenye Kiarabu ambako ina maana ya historia pia.

Sasa angalia matumizi ya kila siku. Daktari anataka historia ya mgonjwa, benki historia ya mkopo, simu inatunza historia ya kurasa ulizofungua. Zote hizo ni mfuatano wa kumbukumbu bila maelezo ya kwa nini. Vitabu vingi vya vijiji ni vya aina hiyo: orodha ya wenyeviti, mwaka wa zahanati, mwaka wa kisima, kwisha. Si vibaya, ila hiyo ni orodha. (Ile "ameweka historia" ya watangazaji wa mpira tuwaachie wenyewe.)

Kwa kamati, ushauri wangu ni kutochanganya vitu ndani ya sura moja. Nasaba ni nani alimzaa nani. Masimulizi ni wazee wanavyosema. Kumbukumbu ni karatasi: cheti, rejesta, mihtasari ya mikutano. Wasifu ni maisha ya mtu mmoja. Historia ni pale unapovilinganisha vyote hivyo na kusema kipi unakiamini na kwa nini. Kikundi kinachoandika masimulizi na kuyaita historia ndicho huishia kugombana mbele ya mkutano wa kijiji.

Nzuguni_Kwetu

Mwalimu umeeleweka. Ila wazee hawatoi mwaka. Ukiuliza "ilikuwa lini" unajibiwa "zamani sana, mimi sijazaliwa". Hapo inakuwaje?

Zeze_na_Marimba

Swali la "lini" usiliulize kabisa. Uliza "kabla au baada ya nini". Kanda ya kati ina matukio ya kufungia tarehe mengi kuliko watu wanavyodhani, nitayataja yale ninayoyaamini.

Sotoka iliyoua ng'ombe ni mwanzoni mwa miaka ya 1890. Reli ya Kati ilianza Dar es Salaam 1905, ikafika Dodoma 1910, Tabora 1912, Kigoma 1914. Nyota yenye mkia ya Halley ilionekana 1910 hiyo hiyo, kwa hiyo simulizi likiitaja pamoja na reli, vinathibitishana. Majeshi ya upande wa Waingereza yaliingia Dodoma Julai 1916. Mtunya, ile njaa kubwa ya Ugogo, ni 1917 hadi 1920: vita vilichukua nafaka, ng'ombe na wapagazi, kisha mvua zikakatika, na katikati yake ikapita homa ya mafua ya 1918 na 1919. Nzige ni mwanzoni mwa miaka ya 1930. Mradi wa karanga wa Kongwa ni 1947 hadi 1951, na kambi za wapigania uhuru hapo hapo Kongwa ni kuanzia 1964. Azimio la Arusha Februari 1967. Operesheni Dodoma 1970. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma 1973. Vita vya Kagera 1978 na 1979. Kifo cha Waziri Mkuu Sokoine Aprili 12, 1984. Mvua za El Niño 1997 na 1998. Ajali ya treni ya Igandu Juni 24, 2002.

Namna ya kutumia: mzee anasema baba yake alizaliwa "reli ikijengwa". Usikimbilie 1910. Reli ilijengwa miaka mingi na vijana walikwenda kuifanyia kazi mbali kabla haijafika kwao. Uliza: reli ilikuwa imelazwa hapa, au watu walikuwa wanaifuata huko? Alikuwa ameingia jandoni wakati wa Mtunya? Alikuwa anachunga mbuzi au ng'ombe? Mtoto wa miaka 6 au 7 anachunga mbuzi na ndama karibu na mji, ng'ombe wa mbali ni wavulana wakubwa. Majibu matatu ya namna hiyo yanapunguza kosa hadi miaka miwili au mitatu. Andika "kati ya 1909 na 1911", usiandike 1910 kavu.

Jambo moja linasahaulika sana. Mwaka wa mkulima wa Dodoma hauendi na kalenda ya ukutani. Tuna msimu mmoja wa mvua, Desemba hadi Aprili hivi, kwa hiyo "mwaka ule wa njaa" unakata miaka miwili ya kalenda: mvua zinakosekana mwishoni mwa mwaka, chakula kinaisha miezi mingi baadaye. Ndiyo maana mzee mmoja atakupa mwaka fulani na mwenzake unaofuata, na wote wanasema njaa ile ile. Andikeni kwa mkwaju, 1918/19.

Na Mtunya inameza njaa nyingine. Kwa kuwa ndiyo iliyo maarufu, njaa ndogo za baadaye nazo huitwa Mtunya na watu waliozisikia kwa mbali. Dalili ni pale msimulizi anapoitaja Mtunya pamoja na kitu ambacho hakikuwepo, mfano chakula cha msaada kilicholetwa kwa lori.

Mjukuu_wa_Mtemi

Mbona mnazunguka? Ukoo wetu una orodha ya watemi tisa, kila mmoja jina lake. Tisa mara thelathini ni miaka 270. Hesabu imekwisha.

Makabrasha

Mkuu, hiyo hesabu ina matundu matatu.

Orodha ya watemi si orodha ya vizazi. Utemi ukitoka kwa kaka kwenda kwa mdogo wake, majina mawili ni kizazi kimoja. Watemi tisa wanaweza kuwa vizazi vitano tu. Kwa kila jina uliza: huyu ni mtoto wa aliyemtangulia, ndugu yake, au mtoto wa ndugu?

Pili, thelathini ni wastani tu. Mwanaume mwenye wake kadhaa anaweza kupata mtoto wa kwanza ana miaka 22 na wa mwisho ana 60. Vizazi sita kwa miaka 25 ni 150, kwa 30 ni 180, kwa 35 ni 210. Toa masafa, usitoe namba moja.

Tatu, nasaba husinyaa katikati. Watu hukumbuka vizazi vitatu au vinne vya karibu kwa sababu wamewaona au kuwarithi, na humkumbuka mwanzilishi kwa sababu ukoo unamtaja kwenye matambiko. Wa katikati hudondoka. Kwa hiyo nasaba inaweza kuwa fupi kuliko ukweli vile vile.

Na kuna la nne, la kisiasa. Waingereza walipoweka utawala wa wenyeji mwaka 1926, chini ya Gavana Donald Cameron, maafisa wa wilaya walizunguka wakitafuta nani mtemi halali. Cheo na mshahara vilitegemea jibu. Orodha nyingi zilizoandikwa miaka ile zilipangwa na watu waliokuwa na maslahi. Utemi ulifutwa kisheria 1963, orodha zikabaki. Sisemi ya ukoo wako ni ya uongo. Nasema ipimwe kwa orodha ya ukoo jirani, ambao hawana faida ya kuwarefusha nyie.

Mjukuu_wa_Mtemi

Hapo kwenye kaka na mdogo umenibana. Wawili katikati ni ndugu, hilo linajulikana. Lakini kitabu cha Mnyampala si kinaeleza koo zote?

Zeze_na_Marimba

Mathias Mnyampala ndiye wa kuanza naye, hakuna ubishi. Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika ilitoka 1954, kwa Kiswahili, na aliyeiandika ni Mgogo mwenyewe. Tatizo halipo kwake, lipo kwetu tunaomsoma. Kitabu kimekaa miaka sabini mashuleni na majumbani. Leo mzee akikusimulia jambo kwa mpangilio ule ule na maneno yale yale, huyo anakirudia kitabu, na si shahidi wa pili. Uliza bila haya: "Hili ulilisikia kwa nani?" Akisema kwa mwalimu au kwenye kitabu, liandike, ila lihesabu pamoja na kitabu kama ushahidi mmoja. Vivyo hivyo ndugu wawili waliolelewa na bibi mmoja: sauti mbili, chanzo kimoja.

Kikuyu_Kaskazini

Na hii ya jina Dodoma, tembo aliyezama kwenye tope? Shuleni tulifundishwa hiyo moja.

Mwalimu_wa_Zamu

Ipo na nyingine. Wagogo walichukua ng'ombe wa Wahehe, wakawala, wakabakiza mikia na kuichomeka kwenye tope. Wenye ng'ombe walipofika wakaambiwa wamezama, idodomya. Zote mbili zinakubaliana kwenye jambo moja, kuzama, na hilo ndilo lenye uzito. Tembo au mikia ni pambo la msimulizi. Kamati ikikutana na asili ya jina la kijiji chao, iweke matoleo yote na iseme nani kasimulia lipi. Wasichague tamu.

Mbuyu_Mnene

Nashukuru sana. Mahojiano yenyewe yaendeshwe vipi? Kamati ina simu mbili za kawaida na daftari.

Fundi_Sauti_Area_C

Simu zinatosha. Weka hali ya ndege kabla ya kuanza, la sivyo simu ikiingia inakata rekodi katikati. Kama programu inakupa kuchagua, WAV (sauti isiyobanwa) ya kilohezi 44.1, biti 16, mono inakula karibu MB 5.3 kwa dakika, yaani saa moja ni kama MB 320. M4A (sauti iliyobanwa) ya kbps 128 ni kama MB 58 kwa saa. Kwa masimulizi M4A inatosha. Kwa nyimbo, muheme (ngoma ya Kigogo) au zeze, chukua WAV, maana ngoma ikibanwa inaharibika.

Simu ikae nusu mita kutoka mdomoni, juu ya kitambaa kilichokunjwa, si juu ya meza ya mbao inayopokea kila kugonga. Dodoma adui ni upepo. Kaeni upande wa nyuma wa nyumba, asubuhi, kabla upepo wa mchana haujaanza. Chini ya bati mvua ikinyesha, simamisha.

Sekunde za kwanza sema kwa sauti: tarehe, mahali, jina la msimulizi, nani anauliza, na kwamba amekubali kurekodiwa. Karatasi hupotea, sauti iliyo ndani ya rekodi haipotei. Faili liite kwa mwaka kwanza, mfano 2025-07-12_mahame_01, ndipo yanajipanga yenyewe. Usitume kwa WhatsApp kama ujumbe wa sauti. Litume kama faili, na nakala mbili zikae kwenye vifaa viwili tofauti siku hiyo hiyo.

Zeze_na_Marimba

Saa moja na nusu kwa kikao, si zaidi, mzee akichoka anaanza kukubali kila unachosema. Mhoji mzee mmoja mmoja kwanza, kikao cha pamoja baadaye. Mkianza na pamoja, mwenye sauti kubwa anaweka toleo lake na wengine wanatikisa kichwa. Wanawake wahojiwe peke yao. Wao ndio wenye tarehe za kuzaliwa za nyumba nzima, na waliolewa kutoka maeneo mengine, kwa hiyo wanajua vijiji viwili.

Anayeongea Kigogo aachwe aongee Kigogo. Andika kwa Kigogo kwanza, halafu tafsiri chini yake. Saa moja ya sauti inataka saa tano au sita za kuandika, pangeni hivyo, kamati nyingi hufa hapa.

Mkishamaliza kuongea, nendeni kwenye mahame na mzee mmoja. Tembe lililoporomoka huacha tuta la chini la mstatili, kwa kuwa paa na kuta ni miti iliyofunikwa udongo. Zizi hujulikana kwa majani kuota tofauti. Tafuteni mawe ya kusagia, makaburi, mibuyu yenye majina. Chukueni alama ya mahali kwa simu na picha yenye kitu cha kipimo ndani yake. Vitu msiviokote.

Makabrasha

Upande wa karatasi, anzeni karibu. Rejesta za ubatizo za makanisa ya zamani zina jina la mtoto, wazazi, mahali na tarehe. Wamisionari wa CMS (shirika la kimisionari la Kianglikana) walikuwa Mpwapwa tangu miaka ya 1870, na Dayosisi ya Central Tanganyika ilianzishwa 1927. Ila tahadhari: tarehe ya ubatizo wa mtu mzima si ya kuzaliwa, na umri kwenye rejesta ni makisio. Mkiona umri mwingi unaishia na 0 au 5, jueni karani alikadiria. Shule ya msingi ina kitabu cha kumbukumbu cha mwalimu mkuu na rejesta za uandikishaji. Watu wengi hawakifikirii.

Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, ndiko yaliko mafaili ya Wajerumani na ya Waingereza, pamoja na vile vitabu vya wilaya walivyojaza maafisa wa Kiingereza. Ulizeni mapema utaratibu wa kibali, nendeni na barua, na muwe na miaka na majina ya maeneo mkononi, si "tunataka historia ya kijiji chetu". Mtumie tahajia zao: Mpwapwa ni Mpapua, Ujiji ni Udjidji, Kondoa ni Kondoa-Irangi. Kwa Kijerumani tsch ni ch, sch ni sh, dj ni j. Mengi yameandikwa kwa mwandiko wa kizamani ambao hata Mjerumani wa leo hausomi bila kujifunza. Kama hamna msomaji, pigeni picha tu na namba ya faili ionekane.

Nzuguni_Kwetu

Kuna kitu hamjakigusa. Ardhi. Siku hizi ukiuliza "nani alikuwa wa kwanza hapa", mtu anafikiria viwanja na fidia.

Makabrasha

Kweli kabisa, na ndiyo inayoharibu ushahidi kuliko kusahau. Kamati iseme tangu mwanzo, mbele ya mkutano, kwamba kazi hii haipimi mipaka. Maswali ya mipaka yasiingizwe kwenye daftari hilo, yana utaratibu wake chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Kama koo mbili zinadai kufika kwanza, andikeni hivi: "Ukoo A unasema ulifika kabla ya Mtunya na ulikuta hakuna mtu. Ukoo B unasema uliwapokea ukoo A." Hapo hapo orodhesheni alama za kila upande: makaburi, mahame, kisima. Msitoe hukumu. Kisha rasimu isomwe kwa sauti kwenye mkutano, maana wazee wengi hawatasoma karatasi, na kila pingamizi liandikwe pembeni na jina la mpingaji.

Binti_Kolo

Wa Kondoa wakiusoma uzi huu waongeze mawili. Kufungia tarehe, kwetu mwaka mkubwa ni 1979, mifugo ilipoondolewa chini ya HADO (mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma) ili ardhi iliyoliwa na mmomonyoko ipone. Kila familia ya eneo lile inajua ng'ombe wao walikwenda wapi. Na michoro ya miambani, iliyoingia urithi wa dunia 2006, isiandikwe kwamba ni ya mababu wa Warangi wote kwa jumla. Ile myekundu inahusishwa na wawindaji wa kale, myeupe ya juu yake ni ya baadaye, na huhusishwa na wakulima wa Kibantu. Mkienda kupiga picha, msimwagie maji mwamba ili rangi iwake. Maji yanaacha ukungu wa chumvi unaofunika mchoro, na hautoki.